Pete ya Kupimia Kome

4 Februari

Mwanangu Kijiko,

Nakusalimu. Sisi ni wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi huanza kulalamika kabla sijashuka kitandani. Barua hii anakuletea Dereva chini ya kiti chake, kama kawaida. Ikikufikia imelowa, ujue amevunja ahadi na kuiweka nyuma pamoja na barafu.

Mzigo anaokuja nao ni mdogo. Usidhani tumefanya uvivu. Kila maji yalipokupwa tulishuka ufukweni, wanawake wote ishirini na wawili, tukainama mpaka migongo ikakataa kunyooka. Lakini sehemu iliyo wazi imechoka kama sisi. Tukichimbua kome watatu, wawili ni wadogo, wanapita kwenye pete ya kupimia, nasi tunawarudisha matopeni. Waliojiunga mwaka huu wanaona uchungu kurudisha kitu ambacho wamekwisha kukitia mkononi. Niliwaeleza kwamba kome anayepita kwenye pete hajawa wetu bado. Mama Pacha akasema, "Serikali imeshasema," wakacheka. Ndilo jina langu siku hizi, Serikali. Sijajua kama ni la heshima.

Chumba cha Ndani, kile kipande cha ufuko tulichokizungushia nguzo, bado tumekifunga. Nguzo ziko palepale, vitambaa vimepauka kwa jua ila vinaonekana. Ulipoondoka tulikuwa ndiyo kwanza tumekifunga, na huu ni mwaka wa pili hakuna aliyekanyaga humo na kikapu. Juzi nilichimbua mmoja nimpime. Alipita kwenye pete kwa shida, kama mtu anayevua gauni la miaka iliyopita. Nikamrudisha. Amebakiza msimu mmoja.

Mnunuzi wetu, yule uliyempa jina la Tutaona, ameanza kutukata pesa kwa ajili ya kome wanaofia njiani. Nilimuuliza kwa nini kome waliokufa ndani ya lori lake wahesabiwe kuwa wamefia kwetu. Akajibu tutaona. Anasema pia kwamba sisi ni ghali, na kwamba kiwanda chenu kinaletewa kome kutoka nchi nyingine, ng'ambo ya bahari, kwa bei ndogo kuliko yetu. Jambo hili silielewi. Kome wao wanasafiri mbali kuliko wetu, wanapanda meli, wanalala kwenye barafu mara mbili ya wetu. Wanafikaje huko wakiwa rahisi? Wewe ndiye unayesimama mwisho wa safari yao. Nieleze, na usipambe.

Uwe na adabu kazini, na usitoke bila kula.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua ilifika kavu. Kome nao walifika, ila si wote walio hai. Mimi ndiye ninayewagonga. Nasimama kwenye meza ndefu ya bati, maji yanapita chini ya mikono yangu, namgonga kila mmoja kwa mpini wa kisu. Aliye hai hujifunga, aliyekufa hubaki ameachama. Nikigonga wenu huwa natamani wote wajifunge. Kufika jioni vidole havikunjiki. Chumbani tuko watatu kwa vitanda viwili, kwa hiyo kitanda changu hakipoi. Mmoja akiamka, mwingine analala.

Umeniuliza, nami nakujibu bila kupamba. Mezani kwetu kuna mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la ng'ambo. Huko hakuna anayeinama. Mashua inaburuza reki ya chuma pana kama lango, ikikwangua chini ya bahari, na watu wawili kwa asubuhi moja wanapata mnachokipata nyinyi nyote kwa mwezi. Mafuta ya mashua, sehemu kubwa hulipiwa na serikali yao. Kome wao hufika wamejaa mchanga na wengi wamevunjika, lakini ni rahisi kiasi kwamba kiwanda kinatupa waliovunjika na bado kinapata faida. Fungu la pili ni la wanaofugwa kwenye kamba. Hao ni safi, wote wa kimo kimoja, kama wanafunzi mstarini. Fungu la tatu ni letu.

Kwa wingi hatuwawezi, Shangazi, wala kwa bei. Tuna kitu kimoja tu, nacho ni ukubwa. Reki haimsubiri kome akue. Mfugaji naye humtoa mapema, maana kila mwezi anaomwacha majini unamgharimu. Kome mkubwa, mzima, aliyechimbuliwa kwa mkono, hafiki hata kwenye meza yangu. Huwekwa kwenye kisanduku chake na kupelekwa hotelini, na bei yake ni mara nne ya mdogo. Chumba cha Ndani kikifunguliwa kwa wakati wake, Tutaona ndiye atakayekuja kuwabembeleza. Kikifunguliwa mapema, kome wenu wataingia kwenye fungu moja na wa reki, na hapo hakuna atakayewatofautisha. Msifungue.

Juzi msimamizi wetu alikuwa anapiga kelele huku mashine zikimmeza sauti, nikakukumbuka wewe siku za upepo. Ulikuwa unasimama juu ya jiwe, husemi neno, unainua pete yako juu, na sisi sote tunajua: pima kwanza. Yangu ninayo. Naivaa shingoni kwa uzi, ndani ya koti la kazi. Mwenzangu wa chumbani alidhani ni pete ya ndoa, akaniuliza mume wangu ana kidole cha namna gani.

Mwanao,
Kijiko


2 Aprili

Mwanangu Kijiko,

Nimefurahi kusikia bado unaivaa pete. Siku ya safari yako nilikupa pete ile nikakwambia kwamba siku utakapoona huna haja nasi uirudishe, nasi hatutakudai neno. Niliyasema kwa ukali kwa sababu nilikuwa karibu kulia, na sikutaka Dereva anione.

Sasa sikiliza. Juzi Tutaona alikuja na malori mawili. Hakusema tutaona hata mara moja. Alivua viatu, akaingia matopeni na suruali yake nzuri, akanyoosha kidole kwenye vitambaa vyetu, akasema anakitaka Chumba cha Ndani chote, wakubwa kwa wadogo, na pete tuziweke kando. Bei aliyotaja ni karibu mara mbili ya ile tuliyozoea. Nilimuuliza imepanda kwa nini. Akasema soko ndilo limetaka. Nikamuuliza litataka mpaka lini. Akatazama malori yake.

Wenzangu wamegawanyika. Mama Pacha hajalala pakavu tangu mvua za mwaka jana zilipong'oa bati lake, naye ndiye aliyesema maneno mengi. Alisema kwamba mimi ninalinda kome kana kwamba niliwazaa, na kwamba wanawe mapacha, ambao kweli amewazaa, wanalala na beseni katikati yao. Wengine walitazama chini. Nilichoka, mwanangu. Zamani ningesimama nao mpaka jua lizame.

Nikawaambia hivi: "Kijiko yuko mwisho wa safari, anaona tusiyoyaona. Atakachosema, ndicho tutakachofanya. Mimi nitakuwa wa kwanza." Wamekubali wote, na Mama Pacha pia. Tutaona ameacha lori moja hapa linasubiri na injini yake imezimwa. Lile jingine linakuja kwako na barua hii.

Niambie bei hii ni ya kweli au ni ya kupita. Barua yako nitaisoma mbele yao wote, kama nilivyoahidi.

Shangazi yako


9 Aprili

Kwa Mwenyekiti wa Kikundi cha Wachimbaji Kome,

Natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa na afya njema.

Nimepokea swali lenu kuhusu bei. Napenda kuwafahamisha kwamba bei ya sasa ni nzuri na itaendelea kuwa nzuri. Kiwanda kinahitaji kome wa ukubwa wowote bila kuchagua. Nawashauri mfungue eneo lililofungwa mara moja, kwani wachimbaji wa nchi nyingine wako tayari kuchukua nafasi hii.

Ninawatakia kazi njema.

Wenu,
Kijiko


10 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Hii naituma kwa posta kwa sababu siku hizi barua anazobeba Dereva hupitia kwanza ofisini. Tutaona ndiye aliyewaambia kwamba mnangoja neno langu. Jana msimamizi aliniita, akaniketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akatamka nami nikaandika. Mkataba wangu unakwisha mwezi ujao, akanikumbusha hilo kwa upole sana. Alisoma kila mstari kabla ya kuifunga bahasha.

Hakuna neno langu hata moja mle. Nadhani uliliona hilo tangu mstari wa kwanza, maana ni lini mimi nimekuandikia bila shikamoo?

Ukweli wenyewe ni huu. Kule ng'ambo bahari imeingia sumu, maji yamebadilika rangi, watu wamekula kome na kuugua. Serikali yao imezuia mashua zote. Ndiyo maana fungu la kwanza halipo mezani, na ndiyo maana tunafanya kazi nusu siku. Lakini sumu ya namna hiyo haikai. Makarani wanasema mashua zitaruhusiwa mwanzoni mwa Mei, na wameshaagiza mzigo. Siku reki itakaporudi, bei itarudi ilikokuwa, na huenda ikashuka zaidi. Mkifungua sasa mtauza mara moja tu, kisha mtakuwa hamna sehemu iliyo wazi wala iliyofungwa.

Barua sikuweza kuizuia, ila nilimwahi Dereva langoni nikampa pete yangu akupe mkononi. Pete haina maneno, kwa hiyo hakuna aliyetaka kuisoma. Nilijua ukiiona utanielewa kama siku zile za upepo. Usiwasikilize. Pima kwanza.

Mwanao,
Kijiko


17 Aprili

Kijiko,

Nimepokea barua. Nimepokea na pete.

Barua niliisoma mbele ya wote. Mama Pacha aliniomba niirudie, nikairudia. Nilitaka kusema kwamba mwandiko ni wako lakini sauti si yako. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Ndipo Dereva akaja kando, akafungua kitambaa, akanitia pete mkononi, akasema umeagiza nipewe mimi mwenyewe.

Sikusema tena. Mtu aliyerudisha pete yake ana haki ya kuandika anavyopenda, na kutuita kikundi, na kuacha kuamkia. Nilikwambia siku ile kwamba hatutakudai neno. Sikudai.

Tuliingia Chumba cha Ndani siku iliyofuata. Nilikuwa wa kwanza, kwa sababu niliahidi. Nguzo ya kwanza niliing'oa mwenyewe. Ilikuwa imeshika kweli. Hakuna aliyekuja na pete. Tulichimba kupwa mbili mfululizo, na malori yote mawili yakajaa. Walikuwa kome wazuri, weupe upande mmoja, kama unavyowajua. Karibu wote wangepita kwenye pete, kwa shida, lakini wangepita.

Tutaona amelipa pale pale. Nalisema hilo ili nisije nikamwonea.

Nakutakia maisha mema huko.

Shangazi


8 Mei

Shangazi, shikamoo. Shikamoo tena, kwa ajili ya ile iliyokosekana.

Dereva ameniletea barua yako. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi juu ya kreti. Kumbe barua yangu ya posta haijakufikia. Iko huko, tafadhali ifuate, kila kitu kimo ndani yake. Barua ile uliyoisoma mbele ya watu nilitamkiwa na msimamizi. Na pete sikuirudisha. Nilikuwa naiinua, Shangazi. Nilikuwa nasimama juu ya jiwe.

Maneno uliyonipa siku ya safari niliyasahau, hata baada ya wewe kunikumbusha. Niliyasoma kwenye barua yako ya Aprili nikayapita kama mtu anayepita salamu. Ninachokumbuka siku ile ni jinsi ulivyokuwa unafunga kamba ya begi langu, unaikaza mpaka ikakatika, ukatafuta nyingine. Nilijua tu kwamba hutaki niende.

Kome wenu walifika mezani kwangu. Niliwajua kabla sijasoma kibandiko, kwa ule weupe wa upande mmoja. Niliwagonga siku nzima. Walikuwa hai karibu wote, wakajifunga mmoja baada ya mwingine, tak, tak, nami nilikuwa nimezoea kuisubiri sauti hiyo kwa furaha. Hakuna hata mmoja aliyewekewa kisanduku. Walimwagwa kwenye chombo cha supu ya unga. Mwenzangu akaniuliza mbona nalia, nikamwambia ni maji ya chumvi.

Mashua za ng'ambo zimeruhusiwa. Meli yao ya kwanza imetua wiki hii, na fungu lao limerudi kubwa kuliko lilivyokuwa, kwa sababu wakati bahari ilipofungwa hakuna aliyeikwangua. Unaona? Sumu iliwafungia Chumba chao cha Ndani bila wao kutaka. Sisi tulikifunga kwa kujinyima miaka miwili, tukakifungua wiki tatu kabla yao.

Mkataba wangu wameuongeza, lakini si mezani. Nimehamishiwa kuosha kreti, nusu siku. Msimamizi hakusema asante wala hakusema samahani. Nadhani amesahau.

Lori la Dereva limepewa njia nyingine. Safari yake ya mwisho huko ni ya kuchukua kreti za kiwanda tu, na barua hii nayo naituma kwa posta. Nimemwomba akwambie kwa mdomo: nenda posta.

Mwanao,
Kijiko


30 Juni

Mwanangu Kijiko,

Nilikwenda posta. Barua zako zote mbili zilikuwa zimelala kwenye rafu moja, ya kwanza imekwisha kushika vumbi. Karani aliniuliza kwa nini hatuji kuulizia. Nilimwambia ukweli, kwamba barua zetu sisi huja na barafu. Haikutupitia akilini kwamba kuna njia nyingine. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa. Nilizisoma palepale kwenye benchi, kwa tarehe zake, kisha nikazisoma tena.

Sitaki urudie kunieleza. Nimeelewa. Tulikuwa wawili, tukashika kitu kimoja, kila mtu akakumbuka siku yake. Wewe ulikumbuka upepo, mimi nikakumbuka safari. Mimi ndiye niliyekuwa na nafasi ya kuuliza, kwa maana lori lilikuwa bado limesimama. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huamini upesi jambo linalomuumiza.

Tutaona alirudi mara moja tu baada ya yale. Alitaja bei ambayo hata Mama Pacha aliicheka. Nikamuuliza atakuja tena lini, akasema tutaona, nami nikajua tumerudi tulikokuwa, isipokuwa sasa hatuna kitu.

Walakini nitakwambia na upande wa pili, kwa sababu ni wa kweli. Bati la Mama Pacha limepigwa, na ni zuri. Mvua ya mwezi huu haikuingia. Nilikwenda kumwona, akanikaribisha ndani, beseni nikaliona liko nje lina nguo. Kisha akasema, "Serikali, nguzo umeziweka wapi?" Nikamwambia ziko nyuma ya nyumba yangu, sikuwa na moyo wa kuzichoma. Kesho yake maji yalipokupwa nilimkuta amekwisha kuzibeba mpaka ufukweni, na wanawe wameshika moja kila upande. Nguzo ya kwanza ameichimbia yeye.

Tumekifunga tena. Kome waliobaki mle ni wa kuhesabika, wadogo kama ukucha. Nimepiga hesabu ya misimu watakayohitaji, kisha nikapiga hesabu ya magoti yangu, na hesabu mbili hizo hazikukutana. Wakati wa kukifungua mimi sitakuwa wa kwanza kuingia. Wenzangu wanajua, ingawa hakuna aliyelisema. Safari hii hatukukubaliana kungoja neno la mtu yeyote aliye mbali. Tumekubaliana kungoja pete tu.

Ndani ya bahasha hii nimeweka pete yako. Karani ameipima uzito na kunitoza zaidi, akaniuliza ni kitu gani, nikamwambia ni chuma cha bomba. Uzi ule wa zamani ulikuwa umeoza, nimeutoa na kuweka mpya. Na kwa kuwa tumekwisha kukosana mara moja kwa kutumiana kitu bila maneno, maneno yake haya hapa, uyatunze pamoja nayo: ni yako. Sikuwahi kutaka uirudishe. Siku utakapoona huna haja nasi, baki nayo hivyohivyo.

Shangazi yako